Kalenda ya Chooni

Nikiwa nimesimama nje ya mlango wa wanaowasili pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, huwa sitazami uso wa mume wangu kwanza. Natazama sanduku. Akitoka kwao Uholanzi salama husukuma toroli akiwa ameinama, maana kilo 23 alizoruhusiwa amezimaliza zote: jibini vipande vinne, zile chembechembe za chokoleti wanazoziita hagelslag, ambazo kule watu wazima na akili zao timamu hunyunyiza juu ya mkate wa siagi asubuhi, kahawa (ndiyo, mtu anabeba kahawa kuileta Arusha), na pipi nyeusi za chumvi ziitwazo drop. Mama yangu alionja drop mara moja, mwaka 2008. Akaitema kiganjani, akaitazama vizuri, akauliza kama ni dawa ya minyoo.

Safari hii sanduku alikuwa analisukuma kwa kidole kimoja.

Tulipofika nyumbani Usa River nikalifungua. Nguo zake, kopo la bati la biskuti lisilo na biskuti, vijiko sita vidogo vya kahawa, na kalenda ya ukutani iliyojikunja pembe kwa uzee. Ile kalenda naifahamu. Ilikuwa inaning'inia chooni kwa mama mkwe tangu kabla sijaolewa.

"Nyumba tumeshaikabidhi," akasema. Kisha akaenda kuoga.

*

Watu hudhani Mzungu aliyezoea Tanzania akitoka likizo kwao hurudi akasumbuliwa na vumbi na umeme kukatika. Mwenzangu hivyo viwili hata havioni. Kinachomwangusha ni salamu. Kule ukiingia dukani unasema "hoi", neno moja, halafu unataja shida yako, unalipa kwa kadi, unatoka. Siku ya pili tu alikwenda kwa Mangi wa kona, akasema, "Naomba maziwa, paketi mbili." Mangi hakugusa maziwa. Alimtazama, akasema taratibu, "Baba Eli. Za safari?"

Akaumbuka, wakaanza upya. Za safari, za huko, baridi ipo, bibi umemwachaje, na ninyi huku, mvua vipi, biashara. Maziwa yalikuja mwisho kabisa.

Saa nazo. Amekaa hapa tangu mwaka 2006, alikuja kwa mkataba wa miaka miwili wa kazi ya mbegu za mboga, na saa za Kiswahili anazijua kama mimi. Lakini akikaa kwao wiki tatu, kichwa kinarudi kule. Alimwambia fundi bomba aje saa tatu, naye alimaanisha ile tatu yao ya mchana, yaani saa tisa. Fundi akaja saa tatu asubuhi, kwa wakati, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu tuhamie nyumba hii, akakuta geti limefungwa. Sasa fundi ndiye anayetulaumu sisi kwamba hatuheshimu muda, na mume wangu, Mholanzi, hana la kujibu.

Usidhani kule kwao ndiko alikotulia. Ananihadithia kidogo kidogo, jioni, tukiwa tumekaa barazani. Alifika kwa kaka yake bila kupiga simu, kwa sababu ndivyo anavyoishi huku: ukiwa unapita karibu na kwa ndugu yako, ukapita moja kwa moja bila kubisha hodi, umemtukana. Kaka akafungua mlango akiwa na kitambaa cha kufutia vyombo begani. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili jioni Uholanzi nzima iko mezani, na viazi vimepikwa kwa idadi ya watu wa nyumba hiyo. Akakaribishwa, sikatai. Akapewa kahawa na biskuti moja, kopo likafunikwa. Kisha kaka akatoa shajara yake ya miadi, akasema kwa upendo kabisa, "Alhamisi ya wiki ijayo ingefaa?"

Mume wangu alimkuta shangazi yake amenawiri, akamwambia: umenenepa! Huku ungemwambia shangazi hivyo angekuchinjia kuku. Waholanzi wanasifika kwa kusema ukweli mbele ya mtu, nami nimeolewa nao, naujua huo ukweli wao, lakini una mipaka, na mwili wa shangazi uko nje ya mpaka. Meza nzima ilinyamaza. Na jirani wa mama yake, mzee mmoja mpole, walipokutana njiani mwenzangu alimshika mkono akaendelea kuushikilia huku wakiongea, kama wanaume wanavyofanya huku. Yule mzee akawa anautazama mkono wake kama umekwama kwenye mashine.

Kwa hiyo zile siku za kwanza huwa namwacha. Namwekea chakula mapema, naiambia familia yangu wasije bila taarifa (wanakuja), nangoja arudi sawa. Huchukua wiki moja. Safari hii imechukua zaidi.

*

Mama mkwe ana miaka 85. Anatoka kisiwa cha Schouwen-Duiveland, jimbo la Zeeland, kusini magharibi, ambako nchi na bahari zinagombania mpaka. Miaka miwili sasa kumbukumbu inamtoka. Alianza kusahau sufuria jikoni, kisha njia ya kurudi kutoka dukani akiwa juu ya baiskeli. Mwishoni mwa mwaka jana, wakati siku zake nyingi zilikuwa bado nzuri, alisaini mwenyewe karatasi za kuhamia nyumba ya kutunzia wazee. Mwaka huu chumba kikapatikana. Aliruhusiwa kubeba kiti chake, kabati dogo na picha. Vilivyobaki vilikuwa kazi ya wanawe wawili.

Nyumba ilikuwa ya kupanga, ya shirika la nyumba, kama zilivyo nyumba nyingi za watu wa kawaida kule. Na hapa ndipo pana jambo ambalo nilimfanya anisimulie mara mbili kwa sababu sikuamini. Ukiondoka kwenye nyumba ya kupanga Uholanzi, mara nyingi unairudisha tupu, na tupu yao ni tupu kweli. Pazia, fimbo za pazia, taa, misumari ukutani, na sakafu. Ndiyo, sakafu, yale mapande ya mbao au zulia, kwa sababu wewe mpangaji ndiye uliyeyatandika. Mwenyeji mpya anakuta saruji, atandike ya kwake. Kwa hiyo mume wangu na kaka yake walipiga magoti siku mbili nzima wakiing'oa sakafu ambayo wao wenyewe walijifunzia kutembea. Anasema chini ya zulia la chumbani walikuta magazeti ya mwaka 1974. Kaka yake akakaa chini akaanza kuyasoma. Huo ndio ulikuwa msiba wao, wa dakika ishirini, halafu wakaendelea na kazi.

Fanicha na nguo zilikwenda kwenye duka la vitu vilivyotumika. Aliponiambia hivyo nilicheka, sikuweza kujizuia. Makoti ya Ulaya tunajua yanaishia wapi. Inawezekana koti la bibi la bluu likafika mnadani Tengeru ndani ya beli, nikalinunua mwenyewe kwa shilingi elfu nane, nikalikuta na leso yake mfukoni.

*

Jumapili ya kwanza, baada ya ibada, tulipanda kwa Mama kule Akheri. Mama alikuwa amesikia. Alimpa mkwewe maziwa ya mgando, akamwacha anywe, kisha akauliza, "Baba Eli, nimeambiwa mama yako analala kwa watu."

"Ndiyo, mama."

"Na watoto wa kiume wako wawili."

"Ndiyo, mama."

Mama hakuongeza neno. Mama akinyamaza namna ile, ni afadhali akutukane.

Mwenzangu alijaribu kueleza. Kwamba bibi mwenyewe alitaka. Kwamba kule mzee huona aibu kuishi kwa mwanawe, kwamba jambo analoliogopa kuliko kifo ni kuwa mzigo, na kwamba yule muuguzi wa usiku anajua namna ya kumtuliza kuliko wao. Kiswahili chake ni kizuri, lakini siku ile kila sentensi iliyotoka ilikuwa inamshitaki. Alifika kwenye neno "mzigo", Mama akalirudia polepole: "Mzigo."

Zamani ningekuwa upande wa Mama bila kufikiri. Siku ile nilikuwa namtazama wifi yangu. Mama ana watoto watano wa kuzaa, na anayemwogesha, anayemfulia, anayeamka usiku akikohoa, ni mke wa kaka yangu, ambaye hakuzaliwa naye na hakuulizwa kama anataka. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo, anasikiliza mazungumzo yetu kuhusu watu wanaowatelekeza wazazi wao. Tunaposema sisi wazee wetu tunawatunza nyumbani, ni vizuri tuseme pia ni nani hasa anayewatunza. Sikulisema pale. Nililisema njiani tukishuka, na mwenzangu hakujibu, akabadilisha gia.

*

Kuna kitu kingine ambacho hatukukifikiria mpaka kilipotufika. Barua zake zote za Uholanzi zilikuwa zinakwenda kwa mama yake. Kwao mtu anayehamia nje kwa muda mrefu anatakiwa ajiondoe kwenye daftari la manispaa, naye alijiondoa zamani. Lakini benki, kodi na pensheni vilikuwa bado na mahali pa kutuma: kwa mama. Kila baada ya miezi kadhaa bibi alizipanga ndani ya lile kopo la biskuti, akampa kaka, kaka akazipiga picha. Sasa kila fomu ina kisanduku cha mtaa, namba ya nyumba na msimbo wa posta, nasi tuna S.L.P. Mume wangu amekaa usiku mbele ya kompyuta akijaribu kuiingiza Usa River kwenye kisanduku kilichotengenezwa kwa ajili ya mtaa wa Zeeland.

Ile pensheni yao ya uzeeni hujengwa kwa miaka ya kuishi ndani ya nchi, asilimia 2 kila mwaka, miaka 50. Ukiishi nje, mwaka huo umepita bila kuhesabiwa, labda uwe umejilipia mwenyewe. Yeye hakulipia, alidhani anakaa miaka miwili. Amepiga hesabu mbele yangu: miaka 19, asilimia 38. "Hiyo ndiyo mahari niliyolipa kweli," akasema. Nikamwambia wazee wa ukoo hawakuipokea, kwa hiyo bado anadaiwa.

Wiki ile ile tulikwenda gulioni Tengeru, Jumamosi. Mama mmoja muuza parachichi, mgeni hapo, alifurahishwa na Mzungu anayejua kupunguziwa bei. Akamuuliza swali ambalo ameulizwa mara elfu: "Kwenu wapi?" Huwa analo jibu tayari, na mbwembwe zake, nchi ya chini ya bahari, kilima chao kirefu kule Ulaya ni mita 322, watu wanacheka. Safari hii alinyamaza kidogo akasema, "Kwetu ni hapo Usa River."

Yule mama akatikisa kichwa. "Hapo ni kwako, baba. Mimi nakuuliza kwenu."

Alinunua parachichi sita bila kupunguziwa.

*

Alipokuja kuposa, mwaka 2007, mjomba alimuuliza swali moja tu: lugha yako na ya Kaburu ni moja? Msomaji ambaye si wa huku inabidi nimweleze. Makaburu, wale Wazungu wa Afrika Kusini wenye asili ya Uholanzi, walifika Meru tangu enzi za Mjerumani, na mwaka 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe wakulima wa Kizungu. Nyumba zilichomwa. Mwaka 1952 Wameru wakamtuma Kirilo Japhet mpaka Umoja wa Mataifa, New York, kushitaki. Mama alikuwa mtoto wa mgongoni siku walipoondolewa. Kwa hiyo swali la mjomba halikuwa la utani. Jibu la busara lilikuwa "hapana". Mwenzangu, kwa ule ukweli wao, akasema, "Karibu moja. Wakiongea nawaelewa." Posa ilichelewa miezi mitatu.

Mwaka 2011 mama mkwe alikuja kututembelea. Alishuka kwenye gari, akatazama Mlima Meru, akatazama mto, na kabla ya kukaribia ndani akauliza tuko mita ngapi juu ya bahari. Akaambiwa zaidi ya 1,000. Akasema vizuri, akaingia, akalala masaa kumi.

Tulimpandisha Akheri. Waliketi na Mama chini ya mgomba wakimenya ndizi kwa ajili ya loshoro, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, visu viwili vinakwenda. Baadaye mwanawe akaitwa atafsiri. Mama alisimulia Engare Nanyuki kama alivyosimuliwa na mama yake: ng'ombe, moshi, mvua, njia ya kurudi mlimani. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasimulia usiku wa kuamkia 1 Februari 1953, dhoruba ilipobomoa matuta ya Zeeland na bahari ikaingia mashambani watu wakiwa wamelala. Alikuwa na miaka 12. Walikaa darini na baba yake na mbuzi mmoja mpaka mashua ilipokuja. Walikufa watu 1,836 Uholanzi. Tundu la mwisho kwenye tuta lilizibwa Novemba, karibu na kijiji chao cha Ouwerkerk, na mpaka siku hiyo maji ya bahari yalikuwa yanaingia na kutoka kwenye nyumba yao mara mbili kwa siku.

Mama akauliza, "Na mbuzi?"

Mbuzi alipona. Mama akaridhika. Tangu siku hiyo hamwiti tena mama wa Baba Eli. Humwita "mwenzangu". Na kwa kuwa bibi amemzidi miaka kama kumi, Mama humwamkia shikamoo, na bibi alifundishwa kuitikia.

*

Sasa ile kalenda. Waholanzi wana kalenda ya siku za kuzaliwa, na huitundika chooni, kwa hoja kwamba chooni utaingia kila siku na utakaa kidogo. Haina mwaka wala siku za wiki, ni miezi na tarehe tu, kwa hiyo haichakai. Ya mama mkwe ina watu wa miaka hamsini. Aliyekufa hafutwi, huwekewa msalaba mdogo kwa kalamu. Jina langu lipo Mei, limekosewa herufi moja, na tangu mwaka 2007 kila 9 Mei simu ilipigwa, asubuhi, kabla sijanywa chai. Siku zenyewe wanaziheshimu kwelikweli. Wanakaa duara sebuleni na kipande cha keki, na kila anayeingia anapeana mkono na wote na kumpongeza kila mtu: hongera kwa mama yako, hongera kwa mama mkwe wako, hongera kwa jirani yako. Mara ya kwanza nilipongezwa na watu kumi na nne na sikuwa nimefanya lolote.

Mwenzangu aliitundika chooni kwetu. Sikupinga. Binti yetu aliitazama mwezi wa Oktoba, akaona jina lake limeandikwa kwa mwandiko wa bibi, akaondoka kimya. Mwakani anatimiza miaka 18 na sheria ya Tanzania itamtaka achague uraia mmoja. Hilo hatujalizungumza vizuri na sitalizungumza hapa.

Kisha Mama akaja kukaa nasi siku tatu, ana kliniki ya macho. Aliingia chooni, akachelewa, nikaanza kupata wasiwasi. Alipotoka aliegemea fimbo yake akauliza kwa sauti ya chini, "Haya majina ya watu mmeyaweka chooni, wamewakosea nini?"

Tulieleza. Alicheka, akaketi, akafikiri. Halafu akasema, "Na mimi sipo."

Kweli hayupo. Kitambulisho chake cha taifa kinasema 1 Julai, kama cha wazee wengi wasio na cheti, na yeye mwenyewe huikataa. Anachojua alichoambiwa na mama yake: alizaliwa siku ya gulio, masika, kabla ya Engare Nanyuki. Mume wangu akaitoa kalenda ukutani, akaileta mezani, akatafuta. Masika inampa Machi mpaka Mei. Gulio haliwezi kumpa kitu, kalenda haina siku za wiki. Akaanza kueleza kwamba tungekuwa na mwaka kamili tungeweza kupiga hesabu ya kurudi nyuma.

"Wewe niandike penye nafasi," Mama akasema.

Aprili imejaa watu wa Zeeland, nusu yao na misalaba. Machi vilevile. Nafasi nzuri ilikuwa Agosti. Mume wangu akachukua penseli, akaandika jina la Mama tarehe 12. Mama hasomi vizuri tena, lakini aliinama akatazama, akalinganisha na mistari mingine.

"Mwenzangu anaandika kwa kalamu," akasema. Kalamu ikatafutwa.

Jumapili, saa tano za asubuhi kwao na saa sita kwetu (saa saba kule kukiwa na majira ya baridi), ni simu ya video na bibi. Ndiyo miadi, haibadiliki. Muuguzi akamwekea tableti mezani. Alikuwa amevaa vizuri, nywele zimechanwa, nyuma yake lile kabati dogo. Mwanawe akaongea naye, nikaongea kidogo Kiholanzi changu cha jikoni, kisha Mama akavutiwa kiti akakaribia mpaka pua ikajaa kwenye skrini.

"Shikamoo, mwenzangu."

"Marahaba," bibi akaitikia, bila kusita hata kidogo. Kisha akamtafuta mwanawe kwa macho, akamuuliza kwa Kiholanzi yule mama ni nani.

"Ni yule wa tarehe 12 Agosti," akamjibu.